Karibu Bila Kwaheri

Ndara zilikuwa zimelowa.

Chizuru alizikuta hivyo asubuhi, alipokwenda kufagia mlangoni. Usiku ule walikuwa wamelala wageni watatu tu, Wafaransa wawili na mama mmoja Mreno, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapa ndara za kuvalia ndani, pea tatu. Sasa pea kumi na mbili zilikuwa zimetoka kwenye rafu na kupangwa kandokando ya ukuta kwa adabu, ncha zake zikitazama ndani ya nyumba. Zote zilikuwa chapachapa, kana kwamba waliozivaa walitoka kukanyaga theluji. Na huo ulikuwa mwezi wa Oktoba. Theluji ilikuwa haijashuka hata kileleni mwa mlima.

Aliokota moja, akainusa. Ilinuka majani makavu yaliyoloweshwa na nywele za mtu aliyekaa siku nyingi bila kuoga. Akatazama huku na huku. Kisha akazibeba zote akazianika nyuma ya kibanda cha kuni, mahali ambapo mama mkwe wake hapiti, na hakumwambia mtu.

Kunyamaza huko kulikuwa na sababu yake.

Kwa miaka sita tangu aolewe katika nyumba ile ya kulaza wageni, Chizuru alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Mama mkwe wake, Tokie, alikuwa na ulimi wa kuchonga miti. "Supu hii umeipika au umeiogea?" humwuliza mbele ya wageni. Siku aliyojifungua Nagi, Tokie alimfunua mtoto, akamtazama, akasema, "Msichana. Haya, tutafanyaje," akarudi jikoni. Yasuhiro, mume wa Chizuru, alikuwa mtu mwema wa aina ile ambayo wema wake haumsaidii mtu: mama yake akianza kufoka, yeye hukumbuka kwamba kuni hazijapasuliwa.

Mambo yaligeuka mwezi wa Agosti. Ilikuwa jioni ya tarehe kumi na tatu, jioni ambayo kila nyumba ya bonde lile huwasha moto wa kuwakaribisha marehemu wake. Tokie alichuchumaa langoni, akawasha mabua makavu kwenye sahani ya udongo, akaanza kuita mmoja mmoja kwa jina: mume wake, wakwe zake, mtoto wake wa kwanza aliyekufa kwa surua. "Njia ni hii," akawaambia, "karibuni nyumbani." Nyuma yake walisimama mume na mke kutoka Brazili, wageni wa siku ile, wakitokwa na machozi. Walipiga picha. Wakaandika kwenye mtandao kwamba mahekalu yote ya mijini waliyoyazunguka hayakuwagusa kama ule moto mdogo langoni. Mwezi haujaisha, simu ikaanza kulia. Watu wa kila taifa waliulizia ile nyumba ya moto.

"Lakini siku za marehemu zimekwisha," Yasuhiro alisema wakiwa mezani.

Chizuru hakuwa na desturi ya kuzungumza mezani. Siku hiyo alizungumza. "Tuwawashie tu. Kila jioni wakifika. Wao tarehe hawaijui."

Tokie aliweka vijiti vyake chini. Akamtazama mke wa mwanawe. "Kumbe humo kichwani mna kitu," akasema, akamwongezea kipande cha samaki.

"Na moto wa kuwaaga je?" Yasuhiro aliuliza. "Tarehe kumi na sita huwa tunawaaga. Hawa tutawaagaje?"

"Hawa huondoka na basi la saa tatu asubuhi," Chizuru alijibu. "Nani atatazama moto juani? Kwani ni maiti hao? Nitawapungia mkono."

Wakacheka wote watatu.

Ikawa hivyo. Kila jioni Chizuru alivaa kimono yake ya buluu, akachuchumaa langoni huku kamera zikimzunguka, akawasha mabua, akaita. Majina hakutaja, kwa kuwa hakuwa na marehemu yeyote aliyemkusudia. "Njia ni hii, karibuni nyumbani." Jioni kama sabini. Paa likaezekwa upya, wageni wakamkumbatia wakati wa kuondoka, na Tokie akawa anawaambia majirani, "Mke wa mwanangu ndiye aliyebuni." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni yupi.

Kwa hiyo alianika ndara, akanyamaza.

Asubuhi hiyohiyo wali ulitoka kwenye sufuria bila ladha yoyote. Ulikuwa mweupe, umeiva vizuri, lakini ukiutia mdomoni ni kama kutafuna karatasi. Wageni hawakugundua, wao walidhani ndivyo unavyokuwa. Yule mama Mreno, Graça, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kijapani kwa masomo ya jioni, alikula wote akamshika Chizuru mkono.

"Mimi furaha sana," akasema. "Wale watu wa jana jioni, kazi nzuri! Nguo zamani. Kofia majani. Miguu kamba. Kama kweli kabisa."

"Watu gani, mama?"

"Wale wamekaa pale." Akaonyesha pembe ya chumba cha kulia. "Wasichana. Hawasemi kitu. Mimi nainama, wao nao wanainama. Wanakuja kazi kila siku? Yule mmoja anapenda sana mtoto wako. Anapakata tu, anapakata tu."

Chizuru alitabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa umezoea kutabasamu mbele ya wageni. Walipokwisha kupanda basi, alikwenda kwenye ile pembe, akapiga magoti, akabonyeza mkeka kwa kiganja. Maji yalipanda kati ya vidole vyake, ya baridi, ya baridi ya kuuma mfupa.

Alimkuta Nagi barazani akizungumza na hewa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mikono yake ilikuwa kama samaki wa barafu.

"Nagi, nani huwa anakupakata?"

"Dada."

"Dada gani?"

"Wa moto. Si umewaita wewe? Wanasema huku kuna joto, kule juu hakuna."

"Wako wangapi, mwanangu?"

Nagi alifungua vidole vyake vyote, akavitazama, akaona havitoshi.

Mtu mwingine angeacha hapo. Lakini jioni hiyo walikuwa wanakuja wageni wanane kutoka Ujerumani, waliokata tikiti kwa ajili ya ule moto, na Tokie alikuwa ameshafua kimono ya buluu kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Chizuru alimfunga Nagi skafu mbili shingoni, akashuka langoni, akawasha, akaita. Safari hii aliposema "karibuni," ndimi za moto zilijikunja kuelekea ndani ya nyumba bila upepo wowote, zikajikunja tena, na tena, kama nyasi zinazokanyagwa na msururu wa watu. Wajerumani walipiga makofi.

Baada ya chakula, wageni wote walipokwisha kuoga, Tokie aliingia bafuni kama kawaida ya wenye nyumba, ambao huoga mwisho. Hazikupita dakika mbili. Alitoka amejifunika taulo moja tu, mwanamke ambaye hata mwanawe hajawahi kumwona bila soksi, akamshika Chizuru kifuani na kumsukuma hadi ukutani, na akaanza kusema kwa sauti ya chini sana, meno yakigongana, kwamba ameingiza mguu kwenye lile beseni kubwa la mbao la kujitumbukiza akakuta maji ni ya barafu, na chini ya maji miguu yake ikagusa miguu, miguu mingi myembamba iliyokunjwa ili nafasi itoshe, na mvuke ulipopungua akaona vichwa vimezunguka ukingo wote wa beseni, nywele zimegandamana usoni, na vyote vikamwinamia kwa heshima kama wageni wanavyomwinamia mwenye nyumba.

"Umewaita mara ngapi?" akauliza.

"Kila jioni, mama. Tangu Agosti."

"Na umewaaga mara ngapi?"

Chizuru aliangalia upande wa lango.

"Mpumbavu wewe! Mbwa ukimwita mara sabini naye atakuja, sembuse mtu aliyekufa na njaa!"

"Na wewe ulikubali, mama," Chizuru alinong'ona. "Ulinipa samaki."

Kofi lilimpata kabla hajafunga mdomo.

Asubuhi Wajerumani waliondolewa mapema kwa kisingizio cha bomba kupasuka, na Yasuhiro akamleta mtawa wa hekalu, mzee Genshō, aliyefika kwa pikipiki ndogo huku akipiga chafya. Alipofika mlangoni akanusa. Chizuru akamsogezea ndara. Mzee akazitazama. "Nitabaki na soksi zangu," akasema.

Alimwangalia Nagi aliyelazwa karibu na jiko. Chumba kilikuwa na joto la kutoa jasho, lakini pumzi ya mtoto ilitoka nyeupe kama ya mtu aliye nje wakati wa baridi. Alipoamka kwenda chooni aliacha nyayo za maji sakafuni, na kando ya kila unyayo wake mdogo palikuwa na unyayo mwingine, mrefu, mwembamba, usio na mtu.

"Hawa ni wa mlimani," mtawa alisema. "Zamani wasichana wa mabonde ya nyuma walivushwa kule juu kwenda kusokota hariri viwandani. Walioanza kukohoa damu walirudishwa kwa miguu. Wengi hawakufika. Hekaluni hatuna hata jina lao moja. Kwao hakuna anayewaita, na wewe umewaita kila siku, umewaambia hapa ni nyumbani."

"Waondoke vipi?" Yasuhiro aliuliza.

"Waagwe. Aliyewaita ndiye awaage, jioni hii, kwa moto mmoja. Mkubwa wa nyumba asimame naye, maana lango ni lake. Mtoto naye awepo, wapate kumwachia. Mimi na wewe tutakaa ndani tukisoma sala mbele ya kabati la kuwaombea wahenga wa nyumba, na tusitoke." Akapangusa pua. "Na mnisikilize nyinyi wanawake. Mbele ya moto wa kuaga, jina la mtu ni mkono wake. Hao hawana majina. Wakisikia moja watalishika, na mwenye nalo watakwenda naye. Kwa hiyo msiitane."

Jua lilipozama nyuma ya mlima, Chizuru alichuchumaa langoni. Nagi alisimama kulia kwake, Tokie nyuma yao. Ndani ya nyumba sauti ya mtawa ilikuwa ikipanda na kushuka, na kengele ya Yasuhiro ikiifuata. Chizuru akawasha mabua.

"Njia ni ile," akasema, akinyoosha mkono barabarani. "Asanteni kwa kuja. Nendeni salama."

Mwali ukainama kuelekea nje. Baridi ikampita begani kama mtu anayepenya kwenye umati, na changarawe za njia zikalia chini ya viatu vya majani vilivyolowa, kisha mwali ukanyooka, ukainama tena, baridi ikampita tena, na tena, na tena, wengine wakipita polepole, wengine wakisimama kidogo kana kwamba wanageuka kuangalia jiko walilokuwa wakiota moto wake, na ile harufu ya majani na nywele ikawa nzito mpaka akahisi anaimeza, naye akaendelea kurudia maneno yale yale, asanteni, nendeni salama, bila kuthubutu kuhesabu, mpaka mwali ulipotulia na kusimama wima.

Mabua yalibaki machache.

"Bado mmoja," Tokie alinong'ona.

Mkono wa kulia wa Nagi ulikuwa umeinuliwa juu, vidole vimekunjwa, kama mkono wa mtoto aliyeshikwa na mkubwa. Chizuru alimkamata kiunoni akamvuta. Mtoto wa kilo kumi na tano alikuwa mzito kama jiwe la mtoni.

"Mama," Nagi akasema kwa sauti yake ya kila siku, "dada anasema hataki kwenda peke yake. Atakwenda na mimi."

"Mwambie aende. Mwambie wenzake wanamngoja."

"Anasema wenzake wana baridi, mimi nina joto."

Bua moja likakatika, likaanguka jivu. Tokie aliinama hadi mdomo wake ukagusa sikio la Chizuru.

"Moto ukizima huyu mmoja atabaki humu, na wote watarudi kumfuata. Mwachie mtoto."

"Mama?"

"Mwachie, nakuambia. Wewe bado kijana, utazaa mwingine, huenda safari hii wa kiume. Nyumba hii ina miaka mia mbili, haizaliwi tena. Taja jina lake upesi, yaishe."

"Huyu ni mjukuu wako."

"Ndiyo, nami nitamlilia kuliko wewe. Kama ulimi wako mzito, basi nitamtaja mimi." Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Kuna jina ambalo Chizuru alikuwa hajawahi kulitamka tangu alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi. Hakuna mke anayelitamka. Humwita mama, hata akiwa peke yake, hata akiwa na hasira. Sasa lilitoka bila kukwama popote, kama mbegu inayotemwa.

"Tokie," alisema. "Nenda nao, Tokie."

Mkono wa Nagi ukaanguka chini. Mtoto akamwangukia mama yake kifuani, mwepesi.

Tokie alisimama na kinywa kile kile wazi. Alimtazama mke wa mwanawe, na ilionekana wazi kwamba alitaka kumwita, kwamba jina la Chizuru lilikuwa limefika ulimini, ila kilichotoka kilikuwa maji, maji ya barafu yenye vipande vya majani, yakimwagika kidevuni na kulowesha kifua cha kimono yake. Mkono wake wa kushoto ukainuka na kushikwa. Halafu wa kulia. Akageuka, akatoka langoni, miguu mitupu juu ya changarawe, akapanda barabara ya mlimani kwa mwendo wa mtu anayesindikizwa na wengi, na hakuna hata mara moja aliyopewa nafasi ya kugeuka nyuma. Chizuru alibaki amemkumbatia mtoto mpaka bua la mwisho lilipozima. Ndani kengele ilikuwa bado inalia.

Walimpata siku iliyofuata kule juu, ameketi ameegemea jiwe la njia panda, amekauka kwa baridi. Daktari alisema moyo. Majirani walisema wazee hupotea wakati wa jioni, na kwamba mke wa mwanawe ni wa kuhurumiwa, aliyashuhudia yote na bado anahudumia wageni. Yasuhiro alilia mwezi mzima. Nagi alipata joto, akala bakuli tatu za wali, na wali ulikuwa na ladha.

Moto kwa wageni uliachwa. Wageni waliendelea kuja kwa ajili ya supu ya Chizuru, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza kama ameipika au ameiogea. Alihamia kwenye chumba kile kikubwa chenye dirisha la kusini. Na ukweli ni kwamba alilala vizuri, majira yote ya baridi, mpaka jogoo anawika.

Lakini Agosti haina mtu inayemsahau. Marehemu mpya hukaribishwa kwa heshima kubwa kuliko wote mwaka wake wa kwanza. Hutundikwa taa nyeupe, jamaa hukusanyika kutoka miji yote, naye huitwa kwa jina lake kamili. Jioni ya tarehe kumi na tatu jamaa ishirini walisimama uani wakiwa wamevaa nyeusi. Chizuru alimpa mume wake kiberiti.

"Washa wewe, baba Nagi. Ni mama yako."

"Hapana," Yasuhiro akasema, macho yamemlowa. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Angependa umwite wewe."

"Kweli kabisa," shangazi mmoja akadakia. "Alikuwa akikusifu kwenye simu."

Wote walikuwa wanamtazama. Chizuru alichuchumaa. Kiberiti kilikataa mara mbili, mara ya tatu kikashika. Moshi mweupe ukapanda. Aliinua macho kwenye barabara ya mlimani, nayo ilikuwa tupu, yenye vumbi na joto la kiangazi.

"Tokie," alisema. "Njia ni hii. Karibu nyumbani."

Mwali ukainama kuelekea ndani.

Jamaa wakashusha pumzi kwa furaha. "Amefika," Yasuhiro akasema, akifuta machozi. Ila mwali haukunyooka. Ulibaki umelala, ukitetemeka, kama unaokanyagwa bila nafasi ya kuinuka, na Nagi, aliyekuwa amesimama kando ya mama yake, alirudi hatua moja nyuma kuacha njia, akaanza kuinamisha kichwa, mara moja, mara mbili, mara nyingi, kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni wanaoingia.

"Bibi amekuja na wote," alinong'ona. "Ndiye anayewaongoza sasa."

Chizuru alimshika mtoto mkono. "Amesema nini?"

"Anasema asante kwa kumwita. Watakaa siku tatu. Halafu tarehe kumi na sita, kwenye moto wa kuaga, wewe usihangaike. Safari hii jina atalitaja yeye."

"Jina la nani?"

Nagi aligeuza uso juu upande wa pili, akasikiliza kwa makini kama mtoto mwenye adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Anasema bado anachagua."